Unakonda kwa Ajili ya Nani?

Lewa alikufa siku ya Jumatano sokoni Kongowea, katikati ya mabishano. Alikuwa akigombana na dalali mmoja juu ya nazi zilizoharibika njiani, na kama kawaida yake aligombana huku anacheka, tumbo likimtikisika chini ya shati. Hakuanguka. Aliketi tu juu ya gunia, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba amechoka, akamwambia mkewe, "Mbeyu, hebu nipe maji." Mbeyu alipogeuka na kopo la maji mkononi, dalali alikuwa amekwisha kuvua kofia yake.

Tangu siku ile Mbeyu aliingiwa na tabia ya kugeuka. Akiwa kibandani kwake anafua nazi, makumbi yakimrundikia miguuni, akisikia mwanamume anacheka upande wa malori, shingo yake ilizunguka yenyewe kabla akili haijaikataza. Kisha aliinamisha uso na kuendelea na kazi, na waliomwona walijifanya hawakumwona.

Watu wa soko walikuwa wakiwaita yeye na mumewe Fuso na trela lake, maana wote wawili walikuwa wanene na hawakuachana hata kwa safari ya chooni. Lewa alilipenda jina lile. Alikuwa akijibu kwamba trela ndilo lililobeba mzigo wa maana. Sasa Fuso lilikuwa limelazwa Kaloleni, nyuma ya nyumba ya mamake, na trela lilikuwa limebaki Junda, katika vyumba viwili vilivyokuwa vikubwa kuliko zamani.

Baada ya matanga, Mbeyu alizidi kunenepa. Alikula usiku kwa sababu usiku ndio ulikuwa na nafasi nyingi. Siku moja kizunguzungu kilimshika kibandani, na jirani yake Velma, muuza nyanya, alimkokota hadi zahanati. Daktari hakuzunguka maneno. Alimweleza kwamba presha yake iko juu, mwili wake umeuzidi moyo wake, na akiendelea vile bintiye Sarah, aliyekuwa shule ya bweni, angepigiwa simu nyingine kama ile ya baba yake. Mbeyu alitoka pale bila kuuliza swali. Kesho yake Velma alimpeleka kwenye jimu. Velma mwenyewe alipanda zile ngazi siku ile moja tu, akasema mwili wake ameupokea kwa Mungu na hana haja ya kuupunguza, wala hakurudi tena.

Jimu yenyewe ilikuwa Kisauni, ghorofani, juu ya tanuri la mikate. Aliyekwenda kupunguza mwili alipanda ngazi akinusa skonzi, akateremka akizinusa tena. Msimamizi alikuwa msichana mmoja mkakamavu aitwaye Roseline. Alimtazama Mbeyu magoti, akasema kukimbia kungemuumiza, akamketisha kwenye mashine ya kupiga makasia, ambayo wenyewe pale waliiita mtumbwi. Kiti kilitambaa juu ya reli, miguu ikafungwa kwa mikanda, na mbele kulikuwa na mpini uliounganishwa kwa mnyororo na feni kubwa. Ubavuni mwa feni palikuwa na kishikio chenye namba moja hadi kumi.

Mbeyu alikipeleka kumi bila kuuliza. Mtu wa Kongowea anajua kwamba mzigo mwepesi hauna faida. Akaukamata mpini, akauvuta kwa mikono na mabega kama anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu, na kabla jasho halijamtoka vizuri viganja vilikuwa vimevimba malengelenge.

"Mama, hapa hatubebi," Roseline alimwambia, akikirudisha kishikio kwenye namba ya chini. "Tunasukuma. Miguu kwanza, halafu mgongo, mikono mwisho. Ukirudi, mikono ndiyo itangulie na miguu ije mwisho. Na usikimbie. Hakuna anayekufukuza."

Kwenye mtumbwi wa pili, kando yake, mwanamume mmoja mfupi mwenye kitambi cha duara alikuwa akikosea vilevile, ila yeye alikosea kwa kasi. Kiti chake kilikwenda na kurudi kikigonga, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliitwa Mutua, mwalimu wa udereva. Miaka kumi na zaidi alikuwa ameketi kando ya wanafunzi, mguu juu ya breki ya akiba, akiiombea roho yake, na daktari wake naye alikuwa amemwambia maneno yaleyale. Roseline alipoona wanafunzi wake wapya wawili, mmoja anavuta kwa hasira na mwingine anakimbia, aliwaamuru waende kwa pigo moja. Asiyemsikiliza mwenziwe angeanza upya.

Walijaribu, wakagongana mapigo, wakajaribu tena. Mara Mutua akasimamisha kiti chake kana kwamba amefunuliwa siri.

"Kumbe ni klachi, mama. Miguu ni klachi. Ukiachia kwa pupa, gari inazima."

"Gari linazima," alisema Mbeyu, akitafuta pumzi.

"Ati?"

"Kwetu huku gari linazima. Si inazima."

"Haya, mama. Likizima, tutashuka wote wawili tulisukume."

Mbeyu alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakijua, kikamshtua mwenyewe, akafunika mdomo kwa kiganja chenye malengelenge. Usiku ule alilala akiwa na hatia, kama aliyekula siku ya mfungo.

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa kukosea pamoja. Mara tatu kwa juma, baada ya soko, Mbeyu alipanda ngazi na kumkuta Mutua amekwisha kukaa, mikanda ya miguu amejifunga, anamngoja bila kusema kwamba anangoja. Walikwenda kwa pigo moja, miguu, mgongo, mikono, kisha wakarudi. Hawakuzungumza sana, kwa kuwa pumzi haikutosha kwa kazi mbili. Lakini mtu akikaa kando ya mwenziwe na kupumua naye muda wote ule, anamjua hata asipotaka. Mbeyu alijua siku ambazo Mutua alikuwa na mwanafunzi mbaya, kwa namna alivyokanyaga. Mutua alijua siku ambazo Mbeyu alikuwa amemkumbuka marehemu, kwa namna alivyochelewa kurudi mbele, akabaki nyuma kidogo, macho kwenye dirisha. Siku kama hizo alipunguza mwendo na kumngoja, akitazama mbele kana kwamba amechoka yeye.

Miezi ikapita, mwili ukaanza kumsikia. Madera yakampwaya, shingo ikatokeza, magoti yakaacha kulia. Kule sokoni hakuna aliyejua habari za mtumbwi isipokuwa Velma. Wanawake wenzake walimtazama wakatikisa vichwa. Msiba umemwingia, walisema. Huyu ndiye mke, si hawa wa siku hizi wanaotoka makaburini wamepaka wanja. Mama Mwanasaumu, mwenye duka la viungo, alimshika mkono mbele ya wateja akamwombea subira. Mbeyu aliitikia amina. Angeweza kusema siku ile kwamba ni mashine. Hakusema. Heshima ile ilikuwa tamu, na tena haikuwa uongo mtupu, maana alimlilia Lewa kweli. Habari zikapanda lori la nazi zikafika Kaloleni: mkaza mwana wenu anayeyuka.

Jioni moja walipomaliza, Mbeyu na Mutua walikaa kwenye ngazi wakisubiri jasho likauke, harufu ya mikate ikipanda kutoka chini. Mutua alikuwa ameshika chupa ya maji lakini hakunywa. Alimweleza kwamba mkewe alirudi kwao Machakos miaka mingi iliyopita, akaolewa kwingine, na yeye hakutafuta mtu, kwa kuwa alizoea kukaa kiti cha kando na kuwatazama wengine wakienda. Alikuwa akimwita Mama Sarah siku zote. Safari hii alimwita kwa jina.

"Mbeyu, siku usipokuja, silali vizuri. Nakaa tu nikiisikiliza nyumba."

Mbeyu aliyatazama mabati ya nyumba za ng'ambo. Alitamani kuegemea bega lile fupi kando yake, na tamaa ile ilikuwa kali hata akaishika nguzo ya reli ya ngazi.

"Mume wangu hajatimiza mwaka, Mwalimu."

"Najua."

"Kwao ni mwaka mzima. Mjane haondoki kwenye jina la mumewe kabla."

"Sijakuomba uondoke. Nimekwambia tu kwamba silali."

Mbeyu aliinuka akateremka ngazi bila kuaga. Kufika kwenye tanuri, alisimama. Hakugeuka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile kwamba alitaka kugeuka kwa ajili ya mtu aliye hai.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mama mkwe wake alifika Junda na Mwarandu, mdogo wake Lewa. Walikuja na kuku wawili, unga wa muhogo, korosho, na dumu la maziwa ya mtindi, kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Mbeyu aliwapokea mlangoni, akaamkia shikamoo, na mama mkwe hakuitikia. Alikuwa amemkodolea macho kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akamkamata mikono, akaigeuza, akayaona masugu kwenye viganja.

"Uwii, mwanangu," alisema polepole. "Umebaki mifupa."

Akaketi kwenye kiti cha Lewa, akalia. Hakuwa mama wa kulia ovyo. Hata mazikoni alikuwa amesimama mkavu akiwaelekeza vijana mahali pa kuweka viti. Mwarandu alitazama chini, akikwaruza sakafu kwa ncha ya kiatu.

Alipojifuta uso, mama mkwe alitoa lililomleta. Walikuwa wamekaa kikao cha ukoo. Mbeyu hawezi kuachwa afe mjini kwa upweke na kazi za kitumwa. Afunge nyumba, arudi Kaloleni wamlishe, naye Sarah akifunga shule ajue njia ya kwao ni moja. Mwaka ukitimia, Mwarandu atamsimamia. Hakulifafanua neno kusimamia, na hakukuwa na haja. Mwarandu, ambaye alikuwa na mke na watoto wanne na alimwogopa mkewe kuliko ukoo mzima, alikohoa kama aliyepaliwa.

"Wewe kohoa," mamake alimwambia. "Ukimaliza, ukamchinje kuku mmoja."

Mwarandu alitoka nje kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa mahabusu.

Wakabaki wawili. Mbeyu alijua kwamba akinyamaza atabaki mke mwema, yule wanayemsifu, na kabla ya Pasaka atakuwa Kaloleni akipepeta mpunga wa watu. Akisema, jina lile zuri litaanguka siku moja. Alipiga magoti sakafuni, mbele ya mama mkwe, kama alivyofanya siku alipoletwa bibi harusi.

"Mama, sikondi kwa kuugua. Wala si kazi ya soko. Nakwenda mahali kuna mashine. Daktari alisema moyo wangu utasimama kama wa Lewa. Hii mikono ni ya mashine."

Ilimchukua mama mkwe muda kuelewa. Ilibidi aelezwe kiti, na mpini, na namna mtu anavyovuta ilhali haendi popote. Alisikiliza huku uso wake ukifungika kidogo kidogo, kama duka linalofungwa ubao mmoja mmoja.

"Kwa hiyo unajikondesha," alisema. "Kwa kusudi."

"Ndiyo, mama."

"Mume yuko chini, na mke anajichonga. Unakonda kwa ajili ya nani?"

Nje, kuku alipiga kelele mara moja akanyamaza.

"Nilianza kwa ajili ya Sarah," Mbeyu alisema. Ilikuwa bado inawezekana kuishia hapo. "Sasa siwezi kukwambia kwamba ni kwa ajili ya Sarah peke yake."

Mama mkwe alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mbeyu.

"Nani?"

"Anaitwa Mutua. Anafundisha watu gari."

"Mkamba."

"Ndiyo, mama."

"Amekugusa?"

"Hajanigusa. Tumekaa kando kwa kando tu, kila mtu na mashine yake."

"Kukaa tu." Mama mkwe alitikisa kichwa. "Mimi nilipata watoto saba kwa kuanza na kukaa tu."

Kisha yule mama alisema neno ambalo Mbeyu hakulitarajia, na alilisema akitazama ukuta, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mwanawe.

"Walipokuja kuniambia unakonda, nilifurahi. Mungu anisamehe. Babake Lewa amekufa zamani, ndugu zake wanakula, wanacheka, wanapanda mahindi. Nikajiona kama ni mimi tu ninayemlilia. Walipoleta habari zako nikasema, kumbe tuko wawili. Nikala siku ile."

Mbeyu aliyashika magoti ya mama mkwe wake. Machozi yaliyokuwa yamekaa muda mrefu yalimtoka, akayasema maneno kwa kukatika. Alisema bado wako wawili. Alisema mpiga makasia hukaa amekipa mgongo kile anachokiendea, anaona alikotoka tu, na kwamba kila avutapo ule mpini Lewa yuko mbele yake juu ya gunia, anaomba maji. Hakuna siku aliyopanda zile ngazi asimwone. Ila siku hizi akimwona, kando yake kuna mtu anayepumua, na anaweza kumwona bila kuanguka.

"Nisingekuwa na mtu wa kando, mama, ningekuwa nimelala pale Kaloleni pamoja naye."

Mama mkwe aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Mbeyu, akauacha pale, mzito na mkavu. Mwarandu alichungulia mlangoni na kuku aliyenyonyolewa, akaona, akarudi nje akaenda kukagua tangi la maji ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Walipokula, hakuna aliyelitaja tena jambo lile, wala neno kusimamia. Ni wakati wa kuondoka tu, akiwa amekwisha kujifunga leso, ndipo mama mkwe alipomvuta Mbeyu pembeni na kutoa hukumu yake. Hakuwa na ruhusa ya kumpa, kwa sababu ruhusa haikuwa yake peke yake. Lakini Mbeyu alikuwa mtoto wao, na mtoto wao hachukuliwi kwenye ngazi za watu. Mpaka mwaka utimie, asikae na mtu huyo chumba kimoja, hata kama kuna mashine mia. Ukitimia, kama mwanamume huyo bado anataka, aje Kaloleni mchana, na wazee wake, watu wamwone.

"Na akija, mama, utampokea?"

"Atanikuta. Nikimpokea au nikimfukuza, nitaamua nikimwona." Akamtazama tena kiuno, akasonya. "Na wewe usipungue zaidi ya hapo. Watu watasema tulikunyima chakula."

Jumatatu Mbeyu alipanda ngazi akamkuta Mutua ameketi tayari. Hakuketi. Alimwomba watoke, akamweleza yote pale pale penye harufu ya mikate, akiwa amesimama daraja moja chini yake. Mutua alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kama alivyozoea kuwasikiliza wanafunzi waliogonga ukuta.

"Kwa hiyo nisikuone."

"Mpaka mwaka."

"Hata kwa mbali?"

"Kwa mbali ndiko kubaya zaidi, Mwalimu. Nitakuja kwako mbio."

Mutua alitaka kutabasamu, ikamshinda. Akasema yeye atakuja kila jioni, akishafunga shule ya udereva, na Mbeyu achukue kila alfajiri kabla ya soko, kwa kuwa alfajiri ni salama kwa moyo wake na hakuna joto. Alisema hivyo kwa utaratibu, kama anayempanga mwanafunzi zamu ya barabarani. Kisha akamnyoshea mkono. Mbeyu aliutazama, akaupokea. Sugu likagusa sugu, mahali palepale chini ya vidole, na hakuna aliyeuvuta wake mapema.

"Mwambie mama yako nitakuja na wazee," alisema. "Na nitasema gari linazima."

Asubuhi ya kwanza Mbeyu alikaa peke yake kwenye mtumbwi, akavuta, akasubiri pigo la kando ambalo halikuja. Akasimama, akalia kidogo, akaanza upya. Roseline alijifanya anafagia. Siku ya tatu alihamia mtumbwi wa pili, ule wa Mutua, na alipoingiza miguu yake mikanda ilikuwa imelegea. Ilikuwa imeachwa kwa kipimo cha mguu mpana. Akainama akaikaza ipate mguu wake. Kesho yake ilikuwa imelegezwa tena.

Sasa kila alfajiri anaikaza, na kila jioni kuna mtu anayeilegeza. Mwaka wa Lewa utatimia mwezi wa nane. Huu ni mwezi wa tano.